Magari ya Zamani Uwanjani Ngong: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Septemba, wenye magari na pikipiki za zamani hukutana kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, kwa ajili ya Concours d'Elegance, mashindano ya utunzaji wa magari ambayo klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo iliyaanzisha mwaka 1970. Asiyewahi kufika huwa tayari ana picha yake kichwani: matajiri wameegesha mali zao kwenye nyasi na wanaringiana. Picha hiyo imewafanya watu wengi waliorithi gari zuri la baba au la babu waliache chini ya turubai mpaka panya wakatafuna nyaya. Nataka walitoe, na ndiyo sababu naandika.

"Ni mambo ya wenye nacho."

Tembea katikati ya mistari ya magari ujionee. Mercedes-Benz na Jaguar zipo, sikatai. Lakini jirani yake kuna pikapu ya Datsun 1200, Volkswagen Beetle, Land Rover iliyozeekea shambani, Peugeot 404 na 504. Haya yalikuwa magari ya kazi. Peugeot 504 iliunganishwa hapa hapa Kenya, na ile ndefu ya abiria ndiyo iliyowapeleka watu nyumbani Krismasi kabla ya matatu za nissan kutawala barabara. Nayo 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na 1968 yakafika saba tena. Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Ndiyo maana 404 ikiingia uwanjani, wazee huacha soda zao mezani wakaja kuisogelea.

Na jaji haulizi bei. Mtazame akifika kwenye gari: anapiga magoti, anamulika tochi chini ya madigadi, anapitisha kidole kwenye mkunjo wa mlango, anainua mkeka wa buti, anachungulia chini ya betri kutafuta kutu. Anataka kujua gari limetunzwaje. Beetle iliyosafishwa kwa mswaki kwa majuma kadhaa inaweza kuliacha nyuma gari la bei mara kumi, na nadhani hilo ndilo jambo la haki kuliko yote katika mashindano haya.

"Lazima ling'ae kama limetoka kiwandani jana."

Hapa ndipo magari mengi yameharibiwa na watu wenye nia njema. Mtu anaamua kushiriki, anakimbilia kwa fundi rangi, siti za asili zinang'olewa na kuwekwa ngozi bandia, dashibodi inapakwa vanishi. Rangi ya kiwandani ikishapigwa msasa haipo tena, hairudi hata ukiwa na pesa za kumwaga. Mashindano makubwa ya Pebble Beach kule California, yaliyoanza mwaka 1950, yana madaraja maalumu ya magari ambayo hayajawahi kufanyiwa ukarabati, na mikwaruzo yao inaheshimiwa.

Ushauri wangu ni kuanza na maji, sabuni laini na polishi. Piga picha kila sehemu kabla ya kufungua hata skrubu moja. Ukiwa unanunua, beba sumaku ndogo uipitishe kwenye bodi, hasa chini ya milango na kuzunguka taa. Isiposhika mahali ambapo bodi ni ya chuma, mara nyingi hapo bati limeliwa na kutu, kilichobaki ni fila, yaani lipu ya kuziba mashimo, iliyopakwa rangi juu.

"Zamani bati lilikuwa bati. Ukigongana, gari la siku hizi ndilo linaloumia."

Hii naisikia kila mwaka, na inanitia hofu kwa sababu watu huiamini hadi barabarani. Mwaka 2009 taasisi ya Marekani ya usalama barabarani inayofadhiliwa na makampuni ya bima, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikienda takriban kilomita 64 kwa saa. Bel Air ni gari refu, zito, la chuma kitupu. Chumba chake cha abiria kilibomoka, usukani ukasukumwa kwa dereva, na vipimo vya sanamu iliyokaa ndani vilionyesha kwamba binadamu asingepona. Wa Malibu angetoka pengine na jeraha dogo la mguu.

Gari la sasa hupondeka mbele kwa makusudi ili nguvu za mgongano ziishie kwenye bati. Gari la zamani halipondeki kwa mpangilio, kwa hiyo nguvu hizo zinamfikia aliyekaa ndani. Ongeza hapo kwamba magari mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana njia moja tu ya mafuta ya breki. Mpira mmoja ukipasuka, pedali inazama hadi sakafuni na magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Breki za ngoma nazo zikipata moto kwenye mteremko mrefu hulegea. Basi badilisha mipira ya breki hata kama inaonekana nzima, acha nafasi kubwa mbele yako, telemka kwa gia. Na funga mikanda. Sijali kama gari halikuja nayo, na sijaona jambo la aibu katika kuiongeza.

"Ni mapambo, hayatembei."

Kinyume chake, kusimama ndiko kunakoyaua. Sili zikikaa bila mafuta hukauka na kuanza kuvuja. Petroli huchacha ndani ya kabureta na kuacha utando unaoziba vijitundu vyake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na kutu inaanzia ndani ya silinda ambako huioni. Tairi hubonyea upande mmoja. Liendeshe angalau mara moja kila majuma mawili, na liendeshe mpaka injini ipate moto kamili, kwa sababu kuliwasha dakika tano na kulizima huacha maji ndani ya ekzosi.

Anayedhani hayawezi safari atazame East African Safari Classic, mashindano yaliyoanza mwaka 2003, nusu karne baada ya Safari Rally ya kwanza ya 1953. Magari ya zamani hukata maelfu ya kilomita za vumbi na mawe. Uingereza nako, msafara wa London hadi Brighton hupokea magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1905, na mengi yanafika.

"Petroli ya siku hizi itaua injini."

Madini ya risasi yaliwekwa kwenye petroli kuzuia injini isigonge, na yakawa pia yanakinga viti vya valvu, yaani pale valvu zinapokaa zikifunga. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliyaacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Kwa hiyo gari linalotembea Nairobi au Dar limeshatumia petroli isiyo na risasi kwa miaka mingi. Lililo hatarini ni lile lenye silinda hedi ya chuma cha kusubu, tena likikimbizwa sana kwa muda mrefu. Fundi akiweka viti vigumu vya valvu, limepona. Beetle na Peugeot 404 zina hedi za alumini zenye viti vilivyopachikwa tangu kiwandani. Linalostahili hofu zaidi ni mipira ya mafuta iliyozeeka, maana ndiyo inayounguza magari.

"Spea hakuna."

Za injini zipo kuliko unavyodhani. Beetle zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa, ya mwisho ikitoka Mexico mwaka 2003, na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Shida ni vitu vidogo: kioo cha taa ya nyuma, mpira wa dirisha, urembo wa bampa. Kwa Kenya, kanuni ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane inabana zaidi, kwa kuwa huwezi kuagiza tu gari zima la kuchinja.

Na hapa ndipo thamani ya siku ile ya Ngong ilipo, kwa maoni yangu, kuliko kikombe. Mtu aliyezunguka Kirinyaga Road, mtaa wa spea Nairobi, miezi sita bila mafanikio anasimama karibu na gari linalofanana na lake, wanaanza kusalimiana, na ndani ya dakika kumi anaambiwa, "Hiyo taa ninayo mbili, njoo nikupe moja." Nimeona mshindani akimpa jirani yake kondensa ya distribyuta, kifaa kidogo cha mfumo wa cheche, asubuhi ya mashindano ili gari lake liweze kuwaka, ingawa wako daraja moja. Majina ya mafundi wazee wanaojua kusawazisha kabureta mbili kwa kusikiliza tu hayajaandikwa popote. Hupatikana kwa kuuliza pale.

Ukija kutazama, usiguse kabla ya kuomba. Pete na vishikizo vya koti hukwaruza rangi ambayo mwenyewe ameilinda miaka arobaini. Usianze na "unauza ngapi?" Mwulize mzee gari lilitoka wapi, kisha tafuta kivuli, maana jibu ni refu.

Na kama mwaka huu unaleta la kwako kwa mara ya kwanza, weka kwenye buti pointi na kondensa za akiba, feni belti, lita tano za maji, waya kidogo na koleo, kizima moto, na vitambaa vingi visafi. Beetle haihitaji maji, lakini injini yake hubeba lita mbili na nusu tu za oili, basi pima kabla ya kutoka nyumbani. Njoo mapema, kabla foleni ya Ngong Road haijaanza kuichemsha injini.