Nairobi hadi New York: saa saba za tiketi, saa 15 za kiti

"Inaondoka saa tano na nusu usiku, inatua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Safari ni saa saba." Hesabu hii imewaponza wengi. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake. Majira ya baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Kuanzia Machi hadi Novemba ni 7, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao nasi hatugusi zetu. Saba jumlisha nane, umekaa saa 15.

Kosa linalowaachisha watu ndege hasa ni la usiku wa manane. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 12, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 12. Uwe JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, saa tatu na nusu usiku wa tarehe 11. Anayekuja na masanduku usiku wa tarehe 12 hukuta ndege iliondoka tangu usiku uliotangulia.

"Gawanya kilomita kwa mwendo wa ndege." JKIA hadi JFK, uwanja wa New York, ni kama kilomita 11,840, na Boeing 787 hukata hewa kwa takriban kilomita 900 kwa saa. Jibu ni saa 13 na kidogo, ila ratiba haisemi hivyo. Huko juu, nje ya tropiki, kuna upepo mkali uvumao kutoka magharibi. Mabaharia wa Pwani wangeuita wa mbisho: ukiwa wa kilomita 100 kwa saa, ardhini ndege inasonga 800 tu. Wakati wa kurudi unaisukuma mgongoni, na safari hushuka hadi karibu saa 14. Isitoshe, saa za ratiba huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa tena. Ndiyo maana Mombasa, kilomita 420 tu hewani, huandikiwa kama saa nzima.

Wapo wasemao tofauti hii ya kwenda na kurudi huletwa na dunia inayozunguka chini ya ndege. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege pia, hata ikiwa imeegeshwa Embakasi.

"Njia fupi ni mstari wa rula kwenye ramani." Rula itakupitisha Kamerun na Nigeria. Vuta uzi kwenye tufe: unapita Sudan Kusini, Chad, Algeria na Moroko kabla ya bahari, na unaokoa zaidi ya kilomita 300. Marubani huupinda kidogo kufuata upepo na anga zilizo wazi.

"Huondoka usiku ili abiria walale." Usingizi ni faida ya ziada. JKIA iko mita 1,620 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na huinua mabawa kwa nguvu ndogo, na joto la mchana huifanya nyepesi zaidi. Tangi za 787-8 huchukua takriban lita 126,000. Ndege iliyojaa hivyo huhitaji mbio ndefu ili ipae. Baridi ya usiku husaidia. Isipotosha, mizigo au viti ndivyo hupunguzwa, si mafuta.

"Kupitia Dubai kunaongeza muda wa kusubiri tu." Kunaongeza pia kama kilomita 2,700 za kuruka. Na ukiambiwa "dairekti", uliza idadi ya vituo: ndege yenye namba moja ya safari inaweza kutua njiani.