"Mjomba, hii ndiyo mfalme wa magemu": yanayosemwa kuhusu prosesa mpya, na yalivyo

Mpwa wangu alinipigia simu jioni moja, pesa anazo na moyo ushaamua. "Mjomba, shikamoo. Nataka prosesa ya Ryzen 7 5800X3D. Watu wote wanasema ndiyo mfalme wa magemu." Marahaba, nikamwambia, kwani una kadi gani ya grafiki? "GTX 1650." Nikamwomba anisubiri hadi Jumamosi, nije niione hiyo kompyuta.

Maneno aliyokuja nayo si mageni. Prosesa mpya ikitoka, wapenzi wa kompyuta hugawanyika siku ya kwanza: hawa wanaishangilia, wale wanaizika. Pande zote mbili huwa zimeshika kipande cha ukweli.

"Gigahezi nyingi ndiyo kasi"

Hiyohiyo 5800X3D ndiyo iliyowaumbua walioamini hivi. AMD, kampuni inayoiunda, ilipoitangaza Januari 2022, wengi walikunja uso. Ndugu yake, 5800X ya Novemba 2020, ilikuwa na viini 8 (sehemu zinazofanya kazi ndani ya prosesa) na ilifika gigahezi 4.7, kipimo cha kasi ya mapigo ya viini hivyo. Hii mpya ilikuja na viini 8 vilevile, ikaishia gigahezi 4.5, haikumruhusu mtu kupandisha kasi ya viini atakavyo, na bei yake ilikuwa dola 449, ileile ya 5800X ilipotoka. Kisha Aprili mshindani wake, Intel, ikaleta Core i9-12900KS: viini 16, gigahezi 5.5, dola 739. Ukizisoma kwenye karatasi, hapakuwa na mechi.

Wiki chache baadaye 5800X3D ikaingia sokoni, ikapimwa kwenye magemu. Ikawa inakwenda bega kwa bega na ile ya dola 739, na kwenye magemu kadhaa ikaiacha.

Siri ilikuwa kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Mwangalie fundi cherehani akiwa kazini. Pini chache amezibana mdomoni, nyingine zimo kwenye mkebe mezani, na zikiisha zote anamtuma mtoto dukani ng'ambo ya barabara. Mikono yake inaweza kuwa myepesi kuliko ya fundi yeyote mtaani, lakini mtoto akiwa bado yuko dukani, cherehani imesimama. RAM, kumbukumbu kubwa iliyo nje ya prosesa, ndiyo duka. Kashe ya ngazi ya tatu ndiyo mkebe. Kwenye 5800X mkebe ulikuwa wa megabaiti 32. AMD ikabandika bamba jingine la silikoni la megabaiti 64 juu ya lile la kwanza, zikawa 96. Gigahezi ni wepesi wa mikono tu. Hazikwambii mtoto anatumwa dukani mara ngapi.

Bamba hilo la juu lilikuwa na gharama yake. Joto la viini lilipata shida kutoka, umeme ukabidi upunguzwe, na ndiyo maana kasi ilishushwa. Ilipofika 9800X3D, Novemba 2024, kashe ilihamishiwa chini ya viini. Viini vikawa karibu na kipozeo, kasi ikapanda hadi gigahezi 5.2, na ruhusa ya kuipandisha kwa mkono ikarudi.

Anayebisha bado nitamkumbusha FX-9590 ya AMD ya mwaka 2013: gigahezi 5, wati 220, na kwenye magemu ilichapwa na Core i7-4770K ya Intel yenye viini 4 iliyoishia gigahezi 3.9.

"Basi ni bora kwa kila kazi"

Hapana. Ukiipa 5800X3D kazi ya kuchakata picha za 3D kwenye Blender, inakuwa nyuma kidogo ya 5800X ya kawaida, na inaachwa mbali na 5900X yenye viini 12. Kazi ya namna hiyo haichezi sana na mkebe, inataka mikono mingi yenye wepesi. Hata magemu hayafanani. Factorio na Microsoft Flight Simulator, zenye vitu vingi vya kukumbuka kwa pamoja, hupaa. Counter-Strike ya zamani ilipata nyongeza ndogo, kwa sababu mahitaji yake yalikuwa tayari yanaenea kwenye mkebe wa mwanzo.

"Wapimaji wanatuchezea: nani ananunua kadi ya bei mbaya acheze 1080p?"

Hapa ndipo ugomvi huwa mkubwa, na ndipo mpwa wangu alipokuwa amepotea. Anayepima prosesa huweka kadi ya grafiki yenye nguvu kuliko zote, RTX 4090 kwa mfano, kisha anashusha ukubwa wa picha hadi 1080p, ule wa skrini za kawaida, pengine chini zaidi. Watu wanalalamika kwamba hakuna anayecheza hivyo. Ni kweli hakuna, na mpimaji analijua hilo. Anataka kadi isiwe kikwazo, ili tofauti unayoiona itoke kwenye prosesa peke yake. Angepima kwa picha kubwa ya 4K, kadi ingezidiwa kabla ya prosesa, na prosesa ya dola 150 ingeonekana sawasawa na ya dola 500. Hapo ungekuwa umepima kadi.

Kwa hiyo kipimo ni halali. Kosa ni la msomaji anayeona mistari mirefu ya 5800X3D kwenye jedwali na kudhani itarefuka vilevile nyumbani kwake.

Jumamosi nilikaa na kijana mbele ya mashine yake: Ryzen 5 3600, ubao mama wa B450, RAM gigabaiti 16. Tukawasha gemu na zile namba ndogo za pembeni mwa skrini. Kadi: asilimia 99, haibanduki. Prosesa: inaelea chini ya 40. Nikamwambia ashushe picha hadi 720p na vivuli vyote azime. Fremu, yaani picha zinazoonyeshwa kila sekunde, zikaruka juu palepale. Akanitazama. "Kumbe kadi ndiyo inayonichelewesha?" Jaribio lenyewe ni hilo, halihitaji kununua kitu. Ukishusha picha na fremu zikapanda, kikwazo ni kadi. Zisipopanda, mara nyingi ni prosesa. Tazama fremu, usiamini ile asilimia ya prosesa pekee, maana gemu linaweza kukiminya kiini kimoja hadi mwisho huku vingine vimekaa, na wastani ukasoma asilimia 30.

"Thamani ni bei iliyoandikwa kwenye boksi"

9800X3D ilitangazwa kwa dola 479. Anayetoka kwenye mashine kama ya mpwa wangu hatoi 479 akaishia hapo, anabeba na ubao mama wenye soketi (tundu la prosesa) ya AM5 pamoja na RAM ya aina mpya, DDR5. Kwa upande mwingine, 5800X3D inaingia kwenye soketi ya AM4, ambayo Ryzen za kwanza ziliingilia sokoni mwaka 2017, na mwaka 2022 AMD iliruhusu hata bodi (ubao mama) za X370 za mwanzo kupokea Ryzen 5000. Mtu aliyenunua bodi miaka mitano nyuma alisasisha BIOS, programu ya kuwashia kompyuta iliyomo kwenye bodi, kwa flashi, akabadilisha prosesa, akaendelea. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya 5800X3D kupendwa hadi leo, kuliko hata kasi yenyewe.

Ila usasishe BIOS kabla ya kuitoa prosesa ya zamani, la sivyo utabaki na skrini nyeusi. Na washa kompyuta dakika kumi kwanza ili gundi ya joto ilainike, kisha kipozeo kizungushe taratibu kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Mimi kwa haraka zangu niliwahi kukivuta juu kikiwa baridi, kikaja na prosesa imeng'ang'ania chini yake. Prosesa ya AM4 ina pini 1331. Safu moja ya pembeni ililala, na usiku ule niliumaliza kwa tochi na ncha ya kalamu ya risasi ya kubofya, nikizinyanyua moja baada ya nyingine.

"Imeandikwa wati 65, basi inakula wati 65"

Namba ile ni ya kupangia kipozeo, si mita ya umeme. Ryzen ya wati 65 imeruhusiwa kuvuta hadi 88 kwenye soketi, ya wati 105 hadi 142. Core i9-13900K imeandikwa 125, na ikibanwa inafika 253.

"Zen 5 ilikuwa bure kabisa"

Ryzen 7 9700X, yenye usanifu wa AMD uitwao Zen 5, ilipotoka Agosti 2024 kwa dola 359, wacheza magemu waliibatiza "Zen 5%", yaani kizazi kilichoongeza asilimia tano tu. Kwa magemu hawakuwa wamekosea sana. Sasisho la Windows lililofuata liliinua kidogo, lakini likaziinua na Zen 4 za kizazi kilichotangulia pia, pengo likabaki palepale. Bei ile nami niliiona kubwa.

Lakini wakati huohuo, waliopima kwa Linux, kwenye kazi za kukokotoa na zile za AVX-512 (maagizo ya kufanya hesabu nyingi kwa mpigo), waliisifu kweli. Usanifu huohuo wa Zen 5 ndio uliowekwa kwenye EPYC, prosesa za AMD za seva, miezi miwili baadaye, na soko hilo halimuulizi mtu fremu. Walioiita bure walikuwa na kazi moja tu ya kuipa.

"i7 ni i7"

Mpwa wangu hakununua 5800X3D. Alitafuta kadi iliyotumika yenye nguvu kuliko yake, akabakiwa na pesa, na dada yake alikuwa anahitaji laptopu ya chuo. Tukaenda wote Kariakoo. Dukani kijana wa mauzo akatuwekea mezani laptopu mbili zilizotumika, akaigonga moja kwa kidole penye stika: "Hii i7, mzee. Hiyo nyingine i5 tu."

Nikafungua maelezo ya mfumo. Ile i7 ilikuwa i7-7500U: viini 2, nyuzi 4 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), kizazi cha saba, na haimo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubaliwa kwa Windows 11. Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 2025. Ile "i5 tu" ilikuwa i5-8250U: viini 4, nyuzi 8, kizazi cha nane, na Windows 11 inaikubali. Bei yake ilikuwa chini.

"Mjomba, tuchukue ipi?"

"Hiyo i5. Ila kwanza mwambie akupe na chaji yake."