Amoksilini haitibu mafua, tuelewane

Mimi ni mfamasia na hili nimechoka nalo. Mtu anakuja pua inachuruzika, anasema tu "nipe vidonge sita vya amoksilini", ukimuuliza nani kakuandikia anakutazama kama umemnyima haki yake.

Jamani mafua yanaletwa na virusi, tena viko aina zaidi ya 200. Amoksilini ni antibayotiki, yaani dawa ya bakteria, na kazi yake ni kumzuia bakteria asijenge ukuta wake, anapasuka anakufa. Kirusi hakina ukuta huo, sasa dawa ivunje nini? Hapo ndo napewa ushahidi, "mbona juzi nilimeza nikapona". Ulipona ndiyo, na usingemeza ungepona vilevile, mafua ya kawaida huisha yenyewe kama siku 7 hadi 10, na wengi mnakuja dukani siku yamepamba moto, kwa hiyo kinachofuata ni nafuu tu na dawa inapata sifa isiyo yake.

Mwingine anakunjua leso anionyeshe kamasi la kijani, eti bakteria hao. Ule ukijani ni kimeng'enya (enzaimu, protini yenye kazi maalumu) cha chembe nyeupe za damu yako mwenyewe, zimekwenda kupigana, na virusi peke yao vinatosha kuziita.

Ila linalonipandisha presha ni hili: "mwili wangu umeshaizoea hiyo, nipe kali zaidi". Mwili haujazoea kitu! Anayekuwa sugu ni bakteria. Ukimeza ovyo wanyonge wanakufa, wanabaki wenye mbinu, mfano wale wanaotoa kimeng'enya cha kuikata penisilini (amoksilini ni ya ukoo huo) kabla haijawafikia, wanazaana na kugawiana hizo mbinu, halafu wanahamia kwa mtoto wako ambaye hata kidonge hajaonja. Alexander Fleming aliigundua penisilini 1928, na kwenye hotuba yake ya Nobel 1945 alishaonya kuhusu dozi pungufu, sisi bado tunataka sita sita.

Mengine haraka haraka. Sindano sio "kali" kuliko kidonge, inawahi tu kufika kwenye damu. Na dawa ya mitishamba "haina kemikali"? Maji yenyewe ni kemikali bwana.

Ukiwa na mafua kunywa vitu vya moto, lala, paracetamol kama kichwa kinauma. Homa ikigoma kushuka siku tatu, ukipumua kwa shida, au umepata nafuu halafu ikarudi kwa nguvu, kapimwe. Ukiandikiwa antibayotiki meza kama ulivyoelekezwa, na usije dirishani kwangu kuomba nusu dozi.