Mimba ikiharibika, jina lako halipelekwi wilayani

Huku Mbeya bado wanawake wanaonyana: mimba ikiharibika usiende zahanati, utaandikwa na jina litafika polisi. Kuandikwa ni kweli, kwenye kitabu cha MTUHA, mfumo wa kuweka taarifa za huduma za afya. Ila kinachopanda wilayani mwisho wa mwezi ni jumla tu: wangapi wamehudumiwa, bila majina. Kitabu hubaki kituoni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kutoa mimba kinyume cha sheria ni kosa. Mimba kuharibika yenyewe si kosa.

Hofu yangu mimi iko kwingine. Zahanati ndogo ya Kilolo au Makete ikiripoti mimba iliyoharibika “1” tu mwezi mzima, kijiji kinamjua ni nani, hasa kitabu kikiachwa wazi mezani. Takwimu tunazihitaji, damu na dawa hupangwa kwa hizo. Kitabu kifungiwe kabatini.