Ovaroli jeupe ni la kuilinda ditekta, siyo la kukulinda wewe

Maswali kuhusu maabara za chini ya ardhi yamezidi na mengi ni yaleyale, eti mnaficha nini huko, mbona mnavaa maovaroli na glavu kama kuna sumu. Jamani. Mwilini mwako kuna potasiamu 40 inayooza, yaani atomu zake huvunjika zenyewe na kutoa mionzi, mara elfu kadhaa kila sekunde, na sisi huko chini tuna ditekta, kifaa cha kunasa mionzi, tunasubiri tukio ambalo huenda lisitokee hata mara moja kwa mwaka, kwa hiyo mchafu hapo ni wewe.

Tunachosaka ni kuoza kwa beta maradufu bila nyutrino, yaani atomu itoe elektroni mbili kwa mpigo bila zile chembe nyepesi mno ziitwazo nyutrino ambazo kwa kawaida hutoka nazo. Watu wa jaribio la GERDA pale mlima Gran Sasso, Italia, chini ya mwamba wa kama mita 1400, walitumia germaniamu 76, na mwaka 2020 wakasema nusu-uhai wake (muda wa nusu ya atomu kuoza), kama kuoza huko kupo kweli, unazidi miaka 18 yenye sufuri 25 mbele yake. Ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8 tu. Halafu mtu anauliza mtasubiri miaka yote hiyo? Hatusubiri, tunarundika atomu nyingi mno tukitegea hata moja. Na wanaosema hakuna kinachoonekana, jaribio jingine, XENON1T, mlima huohuo, mwaka 2019 walitangaza wameikamata gesi ya zenoni 124 ikioza kwa njia nyingine, ambayo nusu-uhai wake unazidi umri wa ulimwengu mara trilioni moja na zaidi.

Sasa utaratibu. Risasi, ile metali nzito, ya kukingia mionzi isiwe mpya, ina risasi 210 yenye mionzi yake yenyewe ambayo hupungua nusu kila miaka 22 hivi, ndiyo maana jaribio la CUORE walichukua ya meli ya Kirumi iliyozama karibu na Sardinia miaka kama 2000 iliyopita. Shaba nayo ikikaa juu ya ardhi inapigwa na miale ya anga, kobalti 60 yenye mionzi inazaliwa humohumo ndani na hakuna sabuni ya kuitoa, jaribio la MAJORANA kule South Dakota, Marekani, wakaamua kuikuza shaba yao, yaani kuijenga tabaka kwa tabaka kwa umeme, hukohuko chini ya ardhi. Kila kipande kina rekodi: kimetoka lini, kimekaa juu saa ngapi, nani kakishika. Rekodi ikikosekana kipande hakiingii, hata kama kimegharimu pesa nyingi, na usilete barua ya kuomba msamaha. Kilichoguswa bila glavu kinarudi kuoshwa upya kwa asidi.

Mgeni hafiki kwenye ditekta, anaishia kioo cha nje. Na hapana, glavu haivuliwi hata kwa selfi.