Kutafuta marafiki viwanjani Ujerumani: dhana potofu na ukweli

Ushauri wa kwanza anaopewa Mtanzania, Mkenya au Mkongo anayehamia Ujerumani huwa ni kujifunza lugha, na wa pili ni kutafuta timu. Huo wa pili ni sahihi, lakini hupokelewa pamoja na dhana ambazo zimewafanya wengi waende mazoezini mara mbili tatu, wakaona watu wamewanunia, wakarudi chumbani wakisema kwamba Wazungu hawaingiliki.

“Gym au klabu, yote ni mamoja.”

Si mamoja hata kidogo. Gym ni biashara: unasaini mkataba, unanyanyua vyuma ukiwa na hedifoni masikioni, unaoga, unaondoka, na unaweza kumaliza mwaka bila kulijua jina la anayenyanyua pembeni yako. Klabu ya michezo, ambayo Wajerumani huiita Verein, ni chama cha wanachama. Ili iandikishwe mahakamani ni lazima iwe na watu wasiopungua 7, nayo huwa na katiba, mwenyekiti na mkutano mkuu ambako wanachama hupiga kura. Yeyote aliyewahi kukaa katika vikao vya chama cha kuzikana ataizoea haraka. Klabu za aina hii ni zaidi ya 80,000 nchini kote, zenye uanachama unaozidi milioni 27, na nyingi ni za kale: tarakimu zilizomo katika majina ya TSV 1860 München, Hannover 96 na Schalke 04 ni miaka ya kuanzishwa kwake. Hata katika vijiji vidogo ni kawaida kukuta klabu yenye soka, tenisi ya meza, mazoezi ya viungo na kikundi cha wazee wanaotembea kwa fimbo mbili.

Hapo ndipo kutoelewana kwingi kunapoanzia. Mgeni hudhani amejiunga ili acheze, ilhali wenyeji wanamhesabu kuwa ameingia chamani, na chama kina kazi. Katika klabu ndogo nyasi hukatwa na wanachama, kantini husimamiwa na wanachama, soseji za siku ya sherehe huchomwa kwa zamu, na keki zinazouzwa wakati wa mechi za watoto huokwa na wazazi wao. Baadhi ya klabu hupanga saa za kazi za kila mwaka na kumtoza fedha asiyezitimiza. Anayekuja kucheza na kuondoka hachukiwi, ila hafahamiki. Saa mbili za kusimama mbele ya jiko la mkaa na mzee anayeijua historia ya kila goli huzaa mazungumzo ambayo mazoezi ya miezi mitatu hayawezi kuyazaa, kwa sababu mazoezini watu wanahema, hawazungumzi.

“Ukiwa fundi wa mpira, milango itafunguka yenyewe.”

Kipaji humsaidia mtu siku ya kwanza, anapoalikwa kwenye mazoezi ya majaribio, ambayo kwa kawaida hayalipiwi. Baada ya hapo kinachopimwa ni mahudhurio. Katika kundi la WhatsApp la timu kila mmoja huandika mapema kama atakuwepo au hatakuwepo, na aliyekosa bila kutoa taarifa huudhi kuliko aliyekosa penalti. Kisha lipo suala la makaratasi, ambalo nadhani limevunja mioyo mingi kuliko ubaridi wa watu. Mechi rasmi zinahitaji usajili wa mchezaji, na kwa mujibu wa kanuni za FIFA, anayetoka nchi nyingine akiwa na umri wa kuanzia miaka 10, ikiwa alikuwa amesajiliwa huko, hawezi kusajiliwa mpaka shirikisho la Ujerumani lipate hati kutoka shirikisho la alikotoka. Wakati hati inasubiriwa, anafanya mazoezi tu. Aliyezoea ndondo, ambako unafika na njumu zako na kuingizwa kipindi cha pili, huona amewekwa benchi kwa sababu ya rangi yake, kumbe kibali hakijafika.

Wenyeji nao wana toleo lao la dhana hii: Mkenya akijitambulisha katika kikundi cha kukimbia, wanamtazamia awe mbele. Hawakuokota wazo hilo barabarani, kwa kuwa rekodi za dunia za marathoni za Tegla Loroupe mwaka 1999, Paul Tergat mwaka 2003, na Eliud Kipchoge mwaka 2018 na 2022 zote ziliwekwa Berlin. Lakini aliyekulia Likoni na ambaye mbio zake ndefu zilikuwa za kuwahi feri huona haya, akaamua kubaki nyumbani. Hana sababu ya kuona haya. Vikundi vingi hugawanywa kwa kasi, na katika parkrun, mbio za kilomita 5 zisizo na kiingilio ambazo zilianzia Bushy Park, London, mwaka 2004 na kufika Ujerumani mwaka 2017, hupangwa mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kuwa wa mwisho, ili mwingine yeyote asiwe wa mwisho. Wengi wa washiriki huelekea kunywa kahawa pamoja baada ya mbio, na mgeni mwenye hekima hakimbilii basi saa hiyo.

“Huko ni bia tupu; Mwislamu au mlokole atakaa na nani?”

Kreti ya bia kwenye chumba cha kubadilishia nguo ni jambo la kweli, hasa katika soka la madaraja ya chini. Dhana potofu ni kwamba asiyekunywa hana nafasi. Juisi ya tofaa iliyochanganywa na maji yenye gesi hunywewa na wachezaji wengi, na ukisema mara moja kwamba hunywi, kwa kawaida suala huishia hapo. Kinachomtenga mtu ni kutokaa.

“Kijerumani kwanza, michezo baadaye.”

Lugha ya uwanjani ni chache na hurudiwarudiwa: kushoto, peke yako, mtu nyuma. Inajifunzika kwa majuma machache, na mwenye kukosea anaonyeshwa kwa kidole. Lugha ya kantini, hasa kwa lahaja ya Bavaria au Swabia, ni mlima mwingine, lakini hakuna darasa linaloifundisha vizuri kuliko kantini yenyewe. Jambo litakalomsumbua mtu wa pwani ni kwamba klabuni hakuna viwango vya heshima katika kusemeshana: hata mwenyekiti mwenye umri wa babu yako utamwita kwa jina lake la kwanza, naye atashangaa ukikataa.

“Klabu ni za wenye fedha.”

Tenisi na gofu, pengine. Ada za klabu za kawaida mara nyingi huwa chini ya zile za gym, na serikali hutoa euro 15 kwa mwezi kwa ajili ya ada ya mtoto ambaye familia yake inapokea misaada fulani ya kijamii.

“Uwanjani rangi haionekani.”

Inaonekana, na matusi yapo. Yakitokea, mwambie mwamuzi papo hapo, kwa sababu ripoti yake rasmi ina nafasi ya kueleza matukio ya ubaguzi, na lisiloandikwa ni vigumu kulifuatilia. Kipimo changu cha klabu ni kimya cha wenzako: timu ambayo nahodha wake hasemi neno siku hiyo si ya kuipa msimu wa pili.

“Timu ya Waafrika wenyewe humchelewesha mgeni.”

Sikubaliani. Timu ya wenzako ndiyo itakayokupa habari za chumba, kazi na mwanasheria, na inaweza kukua: Türkiyemspor, iliyoanzishwa na wahamiaji wa Kituruki Kreuzberg, Berlin, mwaka 1978, ilipanda hadi daraja la tatu. Anayecheza na Waswahili kwa kujifurahisha Jumamosi anaweza kufanya mazoezi na majirani zake Jumanne bila tatizo. Ni pale timu zote mbili zinapoingia ligi rasmi ndipo atalazimika kuchagua, kwa kuwa usajili wa mchezaji ni wa klabu moja.