Je, wajua kwa nini majaribio ya programu huria hufeli kabla hujagusa kitu?

Umeona kosa dogo katika programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, unayoitumia kila siku, na unaujua hata mstari unaotakiwa kurekebishwa. Unapakua msimbo wote kwa Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, unaandika amri ya kuendesha majaribio, na ghafla skrini inajaa maandishi mekundu. Hujabadilisha hata herufi moja. Sasa nani kakosea?

Mara nyingi hakuna aliyekosea. Ulichopakua ni msimbo wa mradi tu, lakini majaribio hayapimi msimbo peke yake. Yanapima msimbo huo ukiwa umekaa juu ya lugha fulani ya programu ya toleo fulani, maktaba fulani (msimbo ulioandikwa tayari na wengine), mfumo endeshi fulani, hata saa na lugha uliyoichagua kwenye kompyuta yako. Vyote hivyo vilikuwepo kwenye kompyuta ya aliyeandika jaribio. Kwako huenda nusu yake haipo.

Jaribio lenyewe ni kitu chepesi: ni kipande cha programu kinachokiita kipande kingine, kisha kinalinganisha jibu lililotoka na jibu lililotarajiwa. Ila yakirundikana, yanakuwa mlima. Watunzaji wa SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo karibu katika kila simu janja, wanaeleza kwamba msimbo wao wa majaribio ni takriban mara 590 ya msimbo wa hifadhidata yenyewe. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya mradi: kila kosa lililowahi kurekebishwa huachiwa mlinzi wake ili lisirudi.

Ndiyo maana nashikilia kwamba majaribio yaendeshwe kwanza kabla ya kurekebisha chochote. Ukianza na majaribio mekundu 12 usiyoyajua, kisha baada ya marekebisho yako yakawa 13, utahangaika kumtafuta huyo mmoja wa kwako kati ya wale 12 wa wengine.

Tuanze na matoleo, maana hapo ndipo wengi hukwama. Chukua lugha ya Python. Katika Python 2, kugawanya 7 kwa 2 kulikupa 3. Python 3, iliyotoka Desemba 2008, inakupa 3.5. Msimbo ni uleule, na toleo lisilo sahihi halilalamiki wala halizimi. Linatoa tu jibu jingine, kimyakimya. Python 2 ilifikia ukomo wake tarehe 1 Januari 2020, lakini tofauti ndogondogo za namna hiyo zipo kati ya matoleo ya kila lugha na kila maktaba.

Shida inakuja pale miradi miwili inapotaka matoleo tofauti ya maktaba moja kwenye kompyuta moja. Dawa yake katika Python ni mazingira pepe, ambayo tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012 huja na lugha yenyewe kwa jina la venv. Wengi huyaona kama uchawi, kumbe ni folda tu. Ndani yake mna njia inayoelekea kwenye Python, sehemu ya kuweka maktaba, na faili dogo linaloitwa pyvenv.cfg. Python inapoanza, hulitafuta faili hilo. Ikilikuta, hujua kwamba maktaba zichukuliwe humo badala ya zile za kompyuta nzima. Na kule “kuwasha” mazingira ni kubadilisha tu orodha ya folda ambamo terminali, lile dirisha la kuandikia amri, hutafuta amri, ili Python ya kwenye folda yako iwe ya kwanza kukutwa. Badiliko hilo linaishi katika dirisha hilohilo la terminali. Ukifungua jipya, halipo, na ndiyo sababu maktaba uliyoisakinisha dakika tano zilizopita inaonekana kama imetoweka.

Kuna mtego mwingine hapohapo ambao haukupi hata dalili. Unarekebisha msimbo, unaendesha majaribio, yanafeli. Unarekebisha tena, yanafeli vilevile. Hata ukifuta kazi nzima, matokeo hayabadiliki! Kinachotokea ni kwamba majaribio yanasoma nakala ya mradi iliyosakinishwa zamani katika folda ya maktaba, si ile unayoihariri. Maelezo ya Django, mradi huria wa Python wa kujengea tovuti, kwa wachangiaji yanalizuia hili mapema: yanakutaka uusakinishe mradi wenyewe kwa pip, kisakinishi cha maktaba za Python, ukiweka alama -e, ambayo hainakili msimbo bali huelekeza Python kwenye folda yako ya kazi. Herufi moja tu, lakini ukiisahau unaweza kupoteza siku nzima.

Kisha zipo maktaba ambazo kwa juu ni za Python lakini ndani yake ni msimbo wa lugha ya C. Ukijaribu kusakinisha psycopg2, inayoongea na hifadhidata ya PostgreSQL, waweza kuambiwa kwamba pg_config haikupatikana. Ulitaka maktaba ya Python, mbona unazungumziwa habari za kitu usichokijua? Sababu ni kwamba maktaba hiyo inajengwa hapohapo kwenye kompyuta yako, na inahitaji mafaili ya PostgreSQL ambayo pip haiwezi kukuletea. Hayo huletwa na kisakinishi cha mfumo endeshi. Kwenye Debian, kwa mfano, yamo katika kifurushi cha libpq-dev. Kosa la namna hii halitatuliwi kwa kurudia amri ya pip mara kumi.

Na maktaba hutegemea maktaba, nazo zina za kwao. Machi 2016 kifurushi cha JavaScript kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, kiliondolewa na mwandishi wake kwenye npm, ghala la vifurushi vya lugha hiyo, na miradi mingi mikubwa ikashindwa kujengwa siku hiyo. Wengi wa waliokwama hawakuwahi kukisikia. Kiliingia kwao kupitia kifurushi cha kifurushi cha kifurushi.

Ukishapita hapo, yanabaki mambo ambayo hayaandikwi popote kwa sababu hakuna anayeyaona. Linux huyahesabu Data.txt na data.txt kuwa mafaili mawili. Windows na macOS kwa kawaida huyahesabu kuwa moja. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa moja, hivyo jaribio linalolinganisha maandishi herufi kwa herufi linafeli huku macho yakiona maandishi sawa kabisa. Katika Java, kompyuta ikiwa imewekwa kwa Kituruki, kuigeuza herufi kubwa I kuwa ndogo hukupa ı isiyo na nukta, na neno TITLE halilingani tena na title. Jaribio la tarehe lililoandikwa na mtu aliye kwenye UTC, saa ya marejeo ya dunia, linaweza kuangukia siku ya jana au ya kesho kwa aliye mbali.

Linalochosha zaidi ni jaribio linalopita leo na kufeli kesho. Tangu Python 3.3, kila programu inapoanza, namna maneno yanavyopangwa ndani ya seti huchanganywa kwa namba ya bahati nasibu, kwa sababu za usalama. Jaribio linalotegemea mpangilio huo linapita kwa bahati tu. Ukikipa kigezo cha mazingira kiitwacho PYTHONHASHSEED namba moja isiyobadilika, bahati inatoka na unaweza kulishika kosa.

Docker, iliyotoka mwaka 2013, ilikuja na jibu la kufungasha vyote pamoja: mafaili ya mfumo endeshi, lugha, maktaba, hifadhidata. Kiini cha mfumo tu ndicho kinachoazimwa kwa kompyuta mwenyeji, na ndiyo maana kontena (ndilo jina la mfungasho huo) za Linux kwenye Windows au Mac huhitaji mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa, ya Linux chini yake. Naipenda sana kwa hifadhidata. Kwa msimbo unaouhariri kila dakika, bado naona mazingira mepesi ya kawaida yana raha zaidi.

Ukiniuliza pa kutafuta maelekezo ya kweli, nitakuambia usiishie kwenye ukurasa wa kumkaribisha mchangiaji. Ukurasa ule unaweza kuwa umepitwa na wakati miaka mitatu na asijue mtu. Lakini miradi mingi ina seva inayoendesha majaribio kwenye mashine mpya kila badiliko linapopendekezwa, na amri za seva hiyo zimo ndani ya mradi wenyewe. Kwenye GitHub, tovuti inayohifadhi miradi mingi ya namna hii, mara nyingi ni katika folda ya .github/workflows. Faili lile haliwezi kudanganya kwa muda mrefu, kwa kuwa likikosea, kazi ya wote inasimama. Soma toleo la lugha lililoandikwa humo, vifurushi vya mfumo, na mpangilio wa amri, kisha uzifuate kama zilivyo.

Na ukikwama, wewe mgeni una kitu ambacho watunzaji hawana tena. Wao walisakinisha ile libpq-dev miaka iliyopita na wakasahau. Kompyuta zao haziwezi kuwaonyesha pengo hilo. Mgeni njoo mwenyeji apone. Waandikie mfumo endeshi wako, toleo la lugha, amri uliyoiandika neno kwa neno, na kosa la kwanza lililotokea, si la mwisho, kwani mengi yanayofuata huzaliwa na lile la kwanza. Kama umeshagundua kilichokosekana, ongeza mstari huo kwenye maelekezo yao na uutume kama badiliko lako la kwanza, kabla hata ya lile kosa dogo lililokuleta.